Kabla Hujamwachia Fundi Simu Yako: Mambo ya Kuangalia Kakuma na Kalobeyei

Ukimpa fundi simu yako, humpi simu peke yake. Unampa laini inayopokea pesa, namba ambayo ofisi hukupigia ikikuita kwenye mahojiano, picha ya kitambulisho chako cha mkimbizi, picha za watoto, na ujumbe wa sauti kutoka kwa ndugu aliyebaki nyumbani. Kwa mwenyeji wa Kakuma mjini mambo ni yale yale: M-Pesa ya biashara, namba za wateja, picha za familia.

Kwa hiyo kuuliza "fundi gani anaijua kazi?" ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni "fundi gani atanirudishia kila kitu kama nilivyompa, bila kuchungulia?" Mara nyingi watu huuliza la kwanza tu, halafu la pili wanalijua wakiwa wamechelewa.

Makala haya yameandikwa kwa kuwafikiria wakazi wa Kakuma na Kalobeyei, wakimbizi na wenyeji, lakini sehemu kubwa yake inamfaa pia aliyeko Nakivale, Nyarugusu au makazi mengine ya jirani.

Anza na laini

Toa laini na memori kadi kwa mkono wako, kabla simu haijaondoka kwako. Kama hujui kuitoa, mwambie fundi aitoe ukiwa umesimama hapo, uipokee na uiweke mahali salama. Fundi anayebadilisha kioo, betri au sehemu ya kuchajia hahitaji laini yako. Akitaka kujua kama simu inashika mtandao, anaweza kuijaribu kwa laini yake au angoje urudi na ya kwako. Mafundi makini huwa na laini ya majaribio mezani. Uliza, utaonyeshwa.

Kwa wakazi wa kambi hili lina uzito wa pekee. Mpango wa WFP wa Bamba Chakula, ulioanza Kakuma mwaka 2015, uliwazoesha watu kupokea msaada wa chakula kupitia laini ya simu badala ya kupanga foleni ya mahindi. Tangu hapo laini imekuwa kama ghala la familia, na anayeishika ameshika ufunguo wa ghala.

Namba ya siri ya M-Pesa usimwambie fundi yeyote, hata akiwa jirani yako, hata akiwa mtu wa dini. Hakuna matengenezo yanayoihitaji. Namba hiyo haifungui skrini, haiwashi simu na haitengenezi mtandao. Fundi akikuomba, chukua simu yako uondoke. Kama ulishamtajia mtu, ibadilishe leo kwenye menyu ya M-Pesa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawapendi kulisema waziwazi. Baadhi ya wakimbizi wanatumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mtu mwingine: rafiki, mwenye duka, jamaa aliyehamia Nairobi au aliyekwisha kusafiri kwenda Marekani. Laini ya namna hiyo ikipotea kwenye meza ya fundi, kuirudisha ni shughuli, maana mtoa huduma anamtambua aliyesajiliwa, si anayeitumia. Kama una kitambulisho chako sasa, sajili laini kwa jina lako kabla ya kupata tatizo. Mteja wa Safaricom anaweza kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Ukibadilisha namba kwa sababu yoyote, ziarifu ofisi zinazoshughulikia faili lako. Namba ya zamani ikibaki kwenye kumbukumbu zao, simu ya kukuita itaita mahali ambapo wewe hupo.

Cheti kinasema nini, na hakisemi nini

Nchini Kenya, mafundi hupimwa kwa mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Mitihani hiyo ina ngazi tatu: Gredi III ndiyo ya kuanzia, kisha II, na I ndiyo ya juu. Vyuo vya ufundi navyo vinapaswa kusajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Pia utakutana na mafundi waliosoma kwingine: mwenye cheti cha INPP kutoka Kongo, cha VETA kutoka Tanzania, au cha DIT kutoka Uganda. Hizo ni taasisi halali za nchi zao, na aliyepita huko hakupoteza ujuzi wake kwa kuvuka mpaka.

Ukionyeshwa cheti, kisome. Jina lililoandikwa ni la nani? Wakati mwingine kilichoning'inia ukutani ni cha mwenye kibanda, na atakayeifungua simu yako ni kijana aliyeanza kujifunza mwezi uliopita. Si vibaya kijana kujifunza, lakini una haki ya kujua nani ataifungua. Halafu tazama fani. Cheti cha umeme wa nyumba ni cha umeme wa nyumba, na cheti cha kutumia kompyuta, yaani kuandika barua na kupanga hesabu, hakimfanyi mtu kuwa fundi wa kompyuta. Tofautisha pia cheti cha kufaulu mtihani na cheti cha kuhudhuria semina ya wiki mbili. Vyote vina mihuri na rangi nzuri, lakini ni kimoja tu kinachoonyesha kwamba mtu alipimwa.

Kibali cha biashara cha Kaunti ya Turkana ni karatasi tofauti. Kinaonyesha kwamba biashara inajulikana mahali ilipo, hakisemi chochote kuhusu ujuzi. Hata hivyo kina faida yake: mtu mwenye kibali na kibanda cha kudumu ni vigumu kutoweka na simu za watu kumi.

Sasa tuseme ukweli. Mafundi wengi wazuri katika makazi ya wakimbizi hawana cheti chochote. Walijifunzia Bujumbura, Mogadishu au Juba, kwenye meza ya kaka au mjomba, na karatasi kama walikuwa nazo ziliachwa nyuma siku ya kukimbia. Kenya ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila kupitia darasani, na fundi wa namna hii angefanya vizuri kuuulizia kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu naye. Kwako wewe mteja, kukosa cheti si sababu ya kumkataa mtu. Ni sababu ya kuangalia zaidi mambo mengine.

Kwa maoni yetu, kazi ya kioo au betri mpe bila wasiwasi fundi asiye na cheti ambaye amekaa kwenye kibanda kile kile miaka mitano na majirani wanamsifu. Kazi ya bodi, yaani simu iliyoingia maji au isiyowaka kabisa, na kompyuta yenye kazi zako za chuo, ni afadhali uitafutie aliyesomea na kupimwa, hata kama ni mbali zaidi na bei yake iko juu. Hapo kosa moja la joto la kulehemu linamaliza kila kitu.

Kama simu yako bado iko kwenye dhamana, usimpelekee fundi wa sokoni kwanza. Simu za Tecno, Infinix na itel zina mtandao wao wa huduma uitwao Carlcare, na kampuni nyingine zina vituo vyao, mara nyingi Nairobi na miji mingine mikubwa. Simu ikishafunguliwa na mtu asiyeidhinishwa, kampuni inaweza kukataa kuihudumia. Tafuta kadi ya dhamana ndani ya boksi uangalie tarehe.

Tazama meza yake

Kaa pale robo saa kabla ya kutoa simu. Nunua soda kama kuna mahali pa kukaa. Robo saa hiyo itakufundisha mengi kuliko ukuta wenye vyeti.

Tazama simu za wateja wengine zinavyowekwa. Je, kila moja ina karatasi yenye jina na namba, au zimerundikwa kama viazi? Skurubu zinapangwa mahali, au zinatawanyika na vumbi? Kakuma vumbi halina adabu. Fundi anayefungua simu bila kuzifunika zile zilizoachwa wazi anakaribisha mchanga ndani ya kamera na spika za watu. Ana kipimo cha umeme, na anakitumia, au kiko pale kama pambo?

Sikiliza pia maswali yake. Fundi mzuri huuliza kabla ya kugusa: ilianza lini, ilianguka, iliingia maji, unachajia wapi? Simu ikiwa haichaji, ataanza na mambo madogo. Atajaribu chaja na waya mwingine, atatazama kama tundu la kuchajia limejaa vumbi. Huku kwetu hilo ni tatizo la kawaida mno, na mara nyingi linaisha kwa kusafishwa simu ikiwa imezimwa. Atakuuliza kama unachajia kwa sola iliyounganishwa moja kwa moja bila kidhibiti, kwa sababu umeme unaopanda na kushuka huua simu polepole. Fundi anayeishika simu, akaitazama kwa sekunde tano na kutangaza "bodi imekufa" bila kupima kitu, huyo anauza spea.

Halafu tazama jambo moja ambalo tunaliona kuwa kubwa kuliko yote. Kaa usikie watu wanaoleta simu zilizofungwa. Simu za Android tangu toleo la 5.1 zina ulinzi wa akaunti ya Google: mtu akifuta kila kitu kwa nguvu, simu inadai akaunti ya mwenyewe kabla ya kukubali kutumika. Ulinzi huo uliwekwa ili simu ya wizi isimfae mwizi. Kuna wenye simu halali wanaosahau akaunti zao na wanahitaji msaada. Lakini fundi mwaminifu atauliza risiti, boksi, au namba ya IMEI ilingane. Kijana akija na simu nzuri asiyoijua namba ya kufungulia, na fundi akaifungua bila swali hata moja, basi siku simu yako itakapoibwa itafunguliwa kwenye meza hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo, ijue akaunti yako ya Google. Kuna watu ambao akaunti yao ilifunguliwa na muuza duka siku waliponunua simu, na hawakuwahi kuambiwa nywila. Simu ya namna hiyo ikifutwa tu, inakuwa tofali.

Spea na bei

Spea nyingi za simu zinazotumika Kenya hupitia Nairobi, na Luthuli Avenue ndiyo mtaa unaojulikana zaidi kwa biashara hiyo. Kutoka huko hadi Kakuma ni safari ndefu ya basi kupitia Kitale na Lodwar, kwa hiyo fundi akikuambia kioo kitachukua siku kadhaa, si lazima awe anakuzungusha. Lakini ana uwezo wa kukuambia leo bei yake ni kiasi gani, maana simu ya kuulizia ni dakika mbili.

Omba bei igawanywe sehemu tatu: ya kupima, ya spea, na ya kazi. Uliza pia: isipopona, nitalipa nini? Baadhi ya mafundi hawatozi kitu, wengine hutoza ada ya kupima, na vyote viwili ni sawa mradi mmekubaliana kabla ya simu kufunguliwa. Usilipe zote mwanzoni. Kama spea inaagizwa, kutanguliza pesa ya spea ni haki, kwa sababu fundi hana mtaji wa kununua kioo ambacho huenda usirudi kukichukua. Pesa ya kazi ibaki hadi ujaribu simu.

Uliza kama spea ni halisi au ni kopi. Kopi si dhambi, na kwa simu ya bei nafuu huenda ndiyo pekee inayopatikana. Dhambi ni kuuziwa kopi kwa bei ya halisi. Kwa simu za bei ya juu zenye skrini ya OLED, kopi ya bei rahisi mara nyingi ni ya aina nyingine, LCD. Utaigundua hivi: nyeusi yake inaelekea kijivu, betri inaisha upesi kuliko zamani, na kama alama ya kidole ilikuwa inasomwa chini ya kioo, haitasomwa tena. Omba urudishiwe kioo au betri ya zamani. Hiyo inathibitisha kwamba kweli kuna kilichobadilishwa, na fundi mwaminifu hataona vibaya.

Betri usikubali iliyotumika. Betri za lithiamu zinachukia joto. Apple, kwa mfano, inasema simu zake zitumike mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35, na hapa mchana tunazipita hizo mara nyingi. Betri iliyovimba, inayoinua kioo au mfuniko, isibonyezwe, isitobolewe, na isichajiwe usiku mkiwa mmelala. Kwenye nyumba ya turubai au makuti, hiyo ni hatari ya moto.

Simu ikiingia maji, izime na usiichaji. Toa laini, toa betri kama inatoka, umpelekee fundi siku hiyo hiyo. Mchele auache jikoni: hauvuti maji yaliyo chini ya bodi, na unaongeza unga ndani ya matundu.

Picha na mazungumzo yako

Hapa ndipo hasara ambayo pesa haiirudishi. Kioo kibaya kinabadilishwa tena. Picha ikishasambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya kambi haikusanywi. Wanawake na wasichana ndio wanaotishwa zaidi kwa njia hii, lakini si wao tu. Fikiria aliyekimbia kundi lenye silaha na ana majina ya jamaa zake kwenye simu, au mtu ambaye maelezo ya kesi yake ya hifadhi yako kwenye picha alizopiga za karatasi za ofisi.

Njia iliyo bora ni ya zamani: kaa pale hadi kazi iishe. Kubadilisha kioo au betri hakuchukui siku nzima. Mwambie fundi, "nitarudi saa utakayokuwa na nafasi, uifanye nikiwepo." Anayekataa kabisa kufanya kazi mbele ya mwenye simu ana sababu, na si juu yako kuitafuta. Kwa mama au dada asiyejisikia salama kukaa peke yake kibandani, aende na mtu, au aulizie fundi mwanamke.

Kama lazima uiache, usitoe namba ya kufungua skrini bila sababu. Kubadilisha betri hakuihitaji. Kubadilisha kioo kunaihitaji dakika chache tu mwishoni ili kujaribu, na hapo unaweza kuwepo uiandike mwenyewe. Simu nyingi za Samsung za miaka ya karibuni zina hali ya matengenezo, inayopatikana kwenye mipangilio, sehemu ya utunzaji wa betri na kifaa. Ukiiwasha, fundi anaweza kujaribu simu yote bila kuona picha, ujumbe wala akaunti zako. Simu nyingine nyingi hazina kitu hicho. Kwa hizo, hamishia picha na hati kwenye memori kadi uondoke nayo, kisha uzifute kwenye simu na kwenye sehemu ya vilivyofutwa karibuni, ambayo watu huisahau. Kumbuka pia kwamba ujumbe wa M-Pesa kwa kawaida hubaki kwenye simu hata laini ikitoka, na unaonyesha salio na majina ya wanaokutumia pesa.

Kabambe isikudanganye kwamba haina siri. Ina ujumbe na ina namba zote za watu wako.

Ikitokea mtu anakutisha kwa picha zako, usimlipe. Anayelipwa mara moja hurudi. Weka ushahidi: piga picha za ujumbe wake zikionyesha namba na tarehe, wala usifute mazungumzo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inakataza kusambaza picha za faragha za mtu, na adhabu yake ni faini hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Inamlinda yeyote aliye nchini, awe na kitambulisho cha Kenya au cha ukimbizi. Namba 1195 hupokea bila malipo simu za watu wanaopitia ukatili wa kijinsia, na kwa mtoto kuna 116. Unaweza pia kwenda kwenye dawati la jinsia la polisi, au kwa shirika linaloshughulikia ulinzi katika eneo lako.

Kompyuta ina mambo yake

Wanafunzi wanaosoma mtandaoni na vijana wanaofanya kazi za mtandaoni wanategemea laptopu moja kwa kila kitu. Wizi wa kompyuta kwa fundi mara nyingi haumaanishi kompyuta kupotea. Inarudi, inawaka, lakini ndani imepungua: RAM ya GB 8 imekuwa 4, diski mpya ya haraka imekuwa ya zamani. Kwa hiyo, kama bado inawaka, fungua sehemu ya maelezo ya kompyuta na upige picha ya skrini inayoonyesha RAM na processor. Piga picha nyingine ya ukubwa wa diski, na ya namba iliyoandikwa chini ya laptopu. Ukiipokea, fungua kurasa zile zile ulinganishe.

Nakili kazi zako kwanza. Fundi akisema "nitaweka Windows upya," muulize kama faili zitabaki, na usitosheke na "usijali". Kama kompyuta haiwaki, diski inaweza kutolewa na faili kunakiliwa kabla ya jambo lolote, na fundi anayejua kazi atalipendekeza mwenyewe. Laptopu nyingi za Windows 11 zina diski iliyofungwa kwa BitLocker. Bodi ikiguswa, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuianzisha. Ukipewa laptopu na shirika au chuo, waulize wao kuhusu ufunguo huo kabla ya kumruhusu mtu kuifungua. Tena huenda kompyuta si yako kuitengenezesha utakavyo.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi akikuambia hivyo hakudanganyi. Ila si lazima ununue mashine mpya: laptopu isiyokubali Windows 11 inaweza kuwekewa Linux bure, na kwa kusoma na kuandika inatosha. Jihadhari na programu za bure ambazo kwa kweli ni za kulipia zilizovunjwa kufuli. Ndizo njia rahisi ya kuingiza virusi.

Karatasi, na siku ya kuichukua

Omba maandishi. Haihitaji kitabu cha risiti, ukurasa wa daftari unatosha, au ujumbe wa WhatsApp kutoka namba yake kwenda kwenye simu ya ndugu yako. Unaweza kunakili haya:

"Mimi (jina la fundi, namba ya simu, mahali pa kibanda) nimepokea kutoka kwa (jina) simu aina ya (…), rangi (…), IMEI (…). Tatizo: (…). Imeachwa bila laini na bila memori kadi. Bei: spea (…), kazi (…). Imelipwa (…), imebaki (…). Itakuwa tayari tarehe (…). Spea ina dhamana ya siku (…). Sahihi."

IMEI unaipata kwa kupiga *#06# kabla simu haijazima, au kwenye boksi, au chini ya betri. Iandike leo mahali pengine, hata kama simu yako ni nzima, kwa sababu polisi nao wataiuliza ikiibwa.

Mkubaliane pia kuhusu simu isiyochukuliwa. Wapo wanaokwama kukusanya pesa kwa miezi, na fundi naye ana kodi ya kibanda. Andikeni atakaa nayo muda gani, na kwamba atakupigia kabla ya kufanya lolote.

Siku ya kuichukua, nenda mchana, na usimtume mtoto. Kabla ya kumaliza kulipa, weka laini yako, piga simu na umsikilize mtu upande wa pili, naye akusikie. Buruta kidole kioo chote hadi pembeni, piga picha kwa kamera zote mbili, chomeka chaja na usubiri dakika chache uone asilimia inapanda. Kwenye Samsung nyingi ukipiga *#0*# inafunguka menyu ya majaribio ya skrini, spika na vinginevyo. Tazama kama kuna programu usiyoijua iliyoongezwa, kisha badilisha namba ya kufungua skrini kama uliitoa.

Tatizo likirudi ndani ya siku za dhamana, rudi kwa fundi kwanza na karatasi yako, kwa upole. Mambo mengi huishia hapo, maana jina zuri ndilo mtaji wake. Akikataa, mpelekee kiongozi wa bloku au kamati ya amani, na kwa wenyeji, chifu au mzee wa mtaa. Wanaamua kwa maandishi kuliko kwa maneno. Simu ikiuzwa au kubadilishwa, huo si ugomvi wa wateja, ni kesi ya polisi. Nenda na karatasi na IMEI, na uombe namba ya OB kabla hujatoka kituoni.